Fundi Taib Humoud, Valvu 192 na Daftari Lililopotea

Jumanne ya tarehe 9 Septemba 2025, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, daftari la Fundi Taib Humoud lilitoweka kwenye rafu ya pili ya chumba cha mitambo, katika jengo letu la Al Mankhool. Lilikuwa na kurasa 118, limefungwa kwa kitambaa cha kijani, na ndani yake mlikuwa na habari za kila valvu ya maji baridi ya jengo zima. Najua wasifu wa mstaafu huanza na miaka ya utumishi. Lakini miaka ya Fundi Taib ilikuwa mle ndani ya daftari.

Haya, miaka yenyewe ni 27 na miezi minne. Aliingia kampuni hii tarehe 1 Juni 1998 na anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 63. Siku hiyo, katika ukumbi wa Oud Metha, atakabidhiwa cheti cha utumishi mbele yetu sote. Rasimu ya cheti tumeshaiona. Ina mstari mmoja usio wa kweli, na nitaufikia.

Fundi Taib ni mtu wa Unguja, kwao mtaa wa Malindi. Alifika Dubai mwaka 1989 kwa shangazi yake aliyeolewa huku, na kwa miaka tisa alitengeneza majokofu ya wauza samaki Deira. Alipoajiriwa hapa kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha pampu. Mafundi walikuwa sita na jengo lilikuwa moja. Leo mafundi ni 64, majengo ni 19, na katika wale sita amebaki yeye peke yake.

Wenzetu wa ofisini wanaosoma haya wakiwa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 22 huenda hawajui ubaridi huo unatoka wapi. Juu ya paa la jengo la Al Mankhool kuna mashine zinazopoza maji. Maji hayo hushuka kwa mabomba hadi kila nyumba, yakafika kwenye kipoza hewa kilichofichwa juu ya dari ya korido. Kabla hayajaingia humo hupita kwenye valvu, kidude cha shaba kinachofungua na kufunga njia. Juu ya valvu kuna kichwa chenye mota ndogo, na mota hiyo hupokea amri kutoka thamostati, kile kisanduku cha ukutani ambacho kila mpangaji anakibonyeza kwa hasira mwezi wa Agosti. Nyumba 96, kila moja valvu mbili. Jumla 192.

Sasa, valvu ikigoma, fundi wa kawaida ana njia moja: anafungua dari, anang'oa, anaweka mpya, anaondoka. Fundi Taib hakuwa na haraka hiyo. Kwanza alishika bomba kabla ya valvu, kisha baada ya valvu. Huku baridi na huku vuguvugu, maana yake njia imefungwa. Kisha alisukuma kwa kidole gumba ule ulimi wa chuma ulio pembeni ya kichwa. Ukiwa mzito, valvu iko hai ila imejifunga. Ukiwa mlegevu, mota imeshaifungua, kwa hiyo kosa litafutwe kwingine, labda chujio limejaa kutu. Mwisho alipima umeme kwa mita. Umeme ukifika na mota isitikisike, hapo ndipo aliposema kichwa kimekufa, na hapo ndipo alipokuja stoo kuchukua kipya. Dakika kumi na mbili kwa wastani. Najua kwa sababu mimi ndiye ninayeandika saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Mwaka 2021 tuliletewa programu ya simu. Kila fundi anaandika humo kazi aliyofanya, na kila mwezi mashine inapanga majina kwa idadi ya vipuri vilivyobadilishwa. Mwenye vipuri vingi yuko juu. Fundi Taib alikuwa wa mwisho miezi kumi na moja mfululizo. Mtu aliyetengeneza nyumba 40 bila kubadilisha kitu alionekana mvivu kuliko aliyebadilisha vitu 40 na nyumba zikabaki na joto. Nilipeleka malalamiko mara tatu. Niliambiwa mfumo ndivyo ulivyo. Yeye mwenyewe alilicheka jambo hilo, akawa ananiuliza mezani pangu kila mwisho wa mwezi kama bado hajashushwa chini ya mhudumu wa chai.

Wengi wetu tunakumbuka kisa cha Madam Lamees wa nyumba namba 803. Kwa wiki mbili alipiga simu kwamba chumba chake ni friji, watoto wanalala na makoti, na kwamba valvu lazima ibadilishwe leo hii. Ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili kabla. Fundi Taib alikwenda, akakubali kahawa, akakaa nayo kwenye kochi huku madam akiendelea kumsomea mashtaka yetu. Alipomaliza kikombe aliinuka, akasogeza taa ndefu ya sakafuni hatua mbili kutoka ukutani, akashukuru, akaondoka. Ile taa ilikuwa inaipasha joto thamostati, nayo ikadhani chumba kinaungua. Kwenye programu ya simu kazi hiyo imeandikwa: vipuri, sifuri.

Lakini kazi yake kubwa haiko kwenye programu hata kidogo. Mwaka 2004 mwenye jengo aligawa nyumba kubwa 48 zikawa 96. Waliovuta nyaya siku hizo waliharakisha, na katika valvu 38 nyaya zilipishana. Thamostati ya nyumba hii ikawa inaamrisha valvu ya nyumba ile. Wapangaji wote wawili wakiwapo na wote wakitaka baridi, hakuna anayejua. Mmoja akisafiri akazima cha kwake, anayebaki ndiye anayeiva. Fundi Taib aliomba ruhusa ya kufungua kuta arekebishe: mwaka 2006, 2009, 2014 na 2019. Mara nne akaambiwa wapangaji watasumbuka. Khalas, akaamua kuandika.

Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa na bibi yake katika chuo cha Kurani, kwa sababu kwa herufi hizo mkono wake unakwenda mbio. Ukurasa wa kwanza aliweka Bismillahi na dua fupi ya kuomba wepesi wa kazi, maana kwao huko hakianzwi kitu bila hayo. Kuanzia ukurasa wa pili ni valvu tu: hii ulimi mzito, ile imepishana na jirani wa kushoto, huyu ana mbwa. Kile kitambaa cha kijani ni kipande cha pazia, kilikuwa cha kulikinga daftari na jasho la mabomba.

Wapo watakaosema ni kosa lake kuandika kitu kisichosomwa na kila mtu. Nalikubali nusu. Ndiyo maana tangu Machi mwaka huu tulikuwa tunakaa kantini saa ya chakula, yeye anasoma, mimi nanakili kwa herufi za kawaida. Tulifika ukurasa wa 41. Aliiomba ofisi saa moja kwa wiki ya kulimaliza kabla hajaondoka. Barua ya ombi ni ya tarehe 5 Mei. Jibu ni la tarehe ambayo haijafika.

Tarehe 7 Septemba alianza likizo yake ya mwisho. Tarehe 8 ofisi ilitoa agizo kwamba, kwa kuwa ukaguzi ungekuja Jumatano, kila kitu kisicho na namba ya kampuni kiondolewe chumba cha mitambo kabla ya adhuhuri ya Jumanne. Agizo liko ubaoni mpaka leo, na sahihi yake ni ya meneja wetu wa shughuli, Bwana Hudson. Aliyetumwa kulitekeleza ni Bwana Mubin, msimamizi wa usafi, mtu wa Lamu, mstaarabu ambaye hajawahi kugombana na mtu hapa. Mubin alikuta kitu kimefungwa kitambaa cha kijani, kiko katikati ya makopo ya grisi. Akafungua ukurasa wa kwanza. Bismillahi na dua, kwa mwandiko mzuri. Hakufungua wa pili. Aliona ni aibu kitabu cha namna hiyo kulala na spana, akakibusu, akakiweka kwenye paji la uso, akakipeleka chumba cha sala cha ghorofa ya chini na kukitia kwenye sanduku la karatasi kongwe za dini, zile zisizofaa kutupwa ovyo. Sanduku hilo huchukuliwa kila Jumanne baada ya alasiri. Mkusanyaji hakuchelewa. Katika kampuni hii kitu pekee kilichofika kwa wakati mwezi huo ni yeye.

Kesho yake nilipolikosa daftari nikauliza, Mubin mwenyewe ndiye aliyejibu, rangi imemtoka. Alhamisi tarehe 11 tulikwenda wote wawili mpaka zinapopelekwa karatasi hizo. Tukaambiwa mzigo wa Jumanne umeshasagwa. Siku hiyo hiyo Mubin aliandika barua kwa ofisi kueleza yote, ukurasa mmoja, bila kujitetea. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa tarehe 11 Septemba.

Jioni alikwenda Discovery Gardens, anakoishi Fundi Taib na wenzetu watatu, amebeba sinia la halua. Waliokuwapo wanasema alishindwa kukaa.

"Mzee wangu, nilidhani ni kitabu cha dua," alisema. "Nimeipoteza kazi yako yote."

Fundi Taib alimvuta mkono akamkalisha. "Umelipeleka pahala pazuri kuliko nilipoliweka mimi," akamwambia. "Sasa kata halua tule, na usiniite mzee, nina siku kumi na tisa bado."

Hiyo ndiyo hasira yote aliyoionyesha. Iliyobaki tumeibeba sisi.

Maana joto halikungoja. Kuanzia tarehe 10 hadi 19 Septemba mafundi walibadilisha valvu 14 katika jengo hilo. Nilizipokea zile zilizong'olewa, nikazifunga moja moja kwenye meza ya stoo na kuzipima. Kumi na moja zilikuwa nzima. Kumi na moja kati ya 14. Dari zilifunguliwa, vumbi likaangukia vitanda vya watu, kwa ajili ya kuondoa vitu vizima na kuweka vitu vizima.

Kibaya zaidi kilikuwa nyumba namba 706, kwa Madam Barbara, mwalimu mstaafu wa miaka 71 anayeishi peke yake. Jumamosi tarehe 13 chumba chake kilisoma nyuzijoto 34. Fundi wetu Cyrus alikuwa ameshabadilisha valvu mara mbili na thamostati mara moja, na yule mama alikuwa amekaa bafuni na taulo lililoloweshwa kichwani. Cyrus akampigia simu Fundi Taib, ingawa ofisi ilikuwa imetukataza kumsumbua mtu aliye likizo. Alifika kwa metro na kumalizia kwa miguu, akiwa na fulana ya nyumbani.

"Mzee, hii kitu nimebadilisha mara mbili na bado nyumba ni jiko," Cyrus akamwambia kutoka juu ya ngazi. "Nimeishiwa maujanja."

Fundi Taib alishika bomba: huku baridi, huku vuguvugu. Akasukuma ulimi: mzito. Akapima umeme: hakuna. Valvu nzima, imefungwa, na amri haiji. Akamuuliza Madam Barbara, kwa Kiingereza chake cha polepole, kama jirani yeyote amesafiri. Madam akajibu kwamba wa 704 ameondoka tangu juzi kwenda harusini Beirut.

"Basi kaondoka na baridi ya bibi huyu," Fundi Taib akamwambia Cyrus. "Ulobadilisha ni nzima, mwanangu. Ugonjwa uko nyumba ya pili."

Mpangaji wa 704 alipigiwa simu, akakubali mlinzi afungue. Thamostati yake ikawashwa. Baada ya dakika tatu bomba la 706 likawa baridi. Tangu Fundi Taib aingie mlangoni hadi hapo ni dakika 25. Vipuri, sifuri. Cyrus alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi, kisha akauliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kuuliza habari za jirani. Akajibiwa kwamba ilikuwa ukurasa wa 67.

Sasa ule mstari.

Jumatatu tarehe 15 Septemba ofisi ilitoa ripoti ya malalamiko ya jengo la Al Mankhool. Sababu iliyotajwa ni moja: "Fundi aliyestaafu hakuacha kumbukumbu za kazi." Maneno hayo hayo yamenakiliwa kwenye rasimu ya cheti cha utumishi, chini ya kichwa cha maoni. Kwanza, alikuwa hajastaafu. Walimwahisha siku kumi na tano. Pili, ripoti imetoka siku nne baada ya barua ya Mubin kugongwa muhuri. Aliyeiandika alijua kumbukumbu zilikuwapo, alijua ziliondolewa kwa agizo la nani, na alijua ombi la tarehe 5 Mei halikujibiwa. Akaandika hakuacha.

Cheti hicho Fundi Taib atakwenda nacho Unguja. Ana mpango wa kufundisha ufundi wa majokofu na vipoza hewa katika chuo kidogo cha mtaani kwao, na chuo kinataka kuona cheti cha mwajiri wake wa mwisho. Atakitoa kwenye bahasha mbele ya watu wasiomjua, nao watasoma kwamba fundi huyu hakuacha kitu nyuma yake. Nilipomwambia apinge, alisema hawezi kugombania karatasi na watu aliokula nao miaka 27. Basi nagombania mimi. Nilianza hapa na ndoo na deki mwaka 2009, na yeye ndiye aliyenifundisha majina ya vipuri moja moja mpaka nikapewa stoo. Sina aibu ya kugombana.

Na wala sigombani kwa maneno matupu. Kati ya valvu 38 zilizopishana, 15 zilikuwamo katika kurasa tulizonakili. Tisa Fundi Taib alizikumbuka kwa kichwa, tukaziandika tukiwa kantini. Zilibaki 14. Kwa dakika 25 kila moja, hizo ni dakika 350, yaani saa sita kasoro dakika kumi. Hazifiki hata zamu moja. Tuliomba ruhusa aingie kazini siku moja akiwa likizo. Hatukujibiwa. Madam Barbara aliposikia akaandika ujumbe kwa majirani zake, na Jumamosi tarehe 20 Septemba wapangaji wenyewe wakatufungulia milango. Fundi Taib alishika mabomba, Cyrus alipanda ngazi, Mubin alitandika mashuka kuzuia vumbi na kufagia nyuma yetu, mimi niliandika. Saa nane mchana tulikuwa tumemaliza, tukala biriani kwenye sakafu ya chumba cha mitambo. Fundi Taib aliangalia ile rafu ya pili mara moja tu, akarudi kwenye sahani yake.

Kumbukumbu hizo sasa ni kurasa 52, kwa herufi anazozisoma kila mtu, nakala tatu. Moja iko stoo. Moja iko chumba cha mitambo, ina namba ya kampuni, na yeyote atakayeigusa atanikuta hapo. Ya tatu ilipokelewa ofisini Jumatatu tarehe 22 Septemba saa tatu asubuhi, na sahihi ya mpokeaji ninayo.

Fundi Taib, kwa niaba ya mafundi 64, wapangaji wa nyumba 96 na kila aliyewahi kulala vizuri mwezi wa Agosti bila kujua jina lako, tunasema ahsante. Mungu akurudishe kwenu salama, akupe afya, na akujaalie nyumba ya kupitisha upepo ambayo hutalazimika kushika bomba lake. Wanafunzi wako wa huko wana bahati, nasi tunawaonea wivu.

Bwana Hudson, kwako ni swali moja. Mstari unaosema Fundi Taib Humoud hakuacha kumbukumbu za kazi utafutwa kwenye ripoti na kwenye cheti, au hautafutwa? Hatuhitaji kikao wala maelezo ya mfumo. Andika "ndiyo" au "hapana", tia sahihi, bandika kwenye ubao wa stoo kabla ya saa sita kamili mchana, Alhamisi tarehe 25 Septemba. Saa ya ukutani pale stoo ndiyo nitakayoifuata, na iko sahihi. Yeye ndiye aliyeitengeneza.

Khairiya Tamim
Stoo ya vifaa, Al Mankhool